Uso wa Malaika ni wa Nani?

Tulikuwa tumeunganisha mabenchi mawili ya kanisa, tukayatandika blanketi, na dirisha la vioo vya rangi vilivyochorwa likalazwa chali juu yake. Saa nne asubuhi, ukungu wa Usambara umeshapanda, mwanga ukawa unaingia moja kwa moja kupitia tundu la ukutani tulikolitoa. Malaika wawili wameshika utepe wenye maandishi ya Kijerumani. Wa kulia amekamilika. Wa kushoto ana mabawa, ana kanzu ya kijani, ana mikono iliyochorwa vizuri hadi kucha zinaonekana. Pale pa uso pana kipande cha kioo cha maua-maua, kile tunachoweka kwenye madirisha ya bafu ili wapita njia wasichungulie.

Mzee wa kanisa aliinama, akakipapasa kile kipande kwa kidole.

“Fundi, sasa ukimrudishia uso, utampa wa nani?”

Nikamjibu kwamba utafanana na wa mwenzake. Akatikisa kichwa polepole, akaenda zake kufunga mlango wa ofisi. Mimi nikaendelea na kazi, lakini swali likashuka nami kutoka mlimani mpaka Tanga, na wiki kadhaa sasa halijaniacha.

Kanisa silitaji, kwa kuwa kamati yake bado inajadiliana. Ni dogo, la Kilutheri, la tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani, na wazee wanasimulia kwamba vioo vyake vilikuja kwa meli vimepakiwa katikati ya majani makavu. Anayeyajua makanisa ya milimani huko ameshaliona moja linalofanana nalo.

Risasi huchoka

Dirisha la aina hii likianza kutoa tumbo, watu hukilaumu kioo. Nimeshaelezwa mara nyingi, kwa uhakika kabisa, kwamba kioo hutiririka taratibu kama uji mzito, na ndiyo maana vioo vya zamani ni vinene upande wa chini. Si kweli. Kioo cha zamani kilipulizwa kwa mdomo, hivyo unene wake haukuwa sawa tangu siku kilipotoka kiwandani.

Kinachosogea ni risasi, ile metali laini ya kijivu.

Kila kipande cha kioo kimeshikwa na ukanda wa risasi wenye umbo la herufi H: kipande kimoja kinaingia huku, jirani yake kule. Jua likipiga, risasi hutanuka. Usiku husinyaa, ila hairudi sawasawa ilipokuwa. Fanya hivyo kwa miaka mia, na uzito wa dirisha zima unaielemea, mwishoni inapasuka kandokando ya viungo vya lehemu. Nyuma ya dirisha kuna nondo za kuvuka, na dirisha hufungwa kwenye nondo hizo kwa waya za shaba. Huku kwetu nondo zimekula kutu, waya nyingi zimekatika, na dirisha limebaki halina cha kulishika mgongo.

Waliochagua risasi walijua walichokuwa wanafanya. Upepo ukisukuma, risasi hukubali. Ukuta ukitulia vibaya, risasi hujipinda. Inaumia yenyewe ili kioo kibaki. Kwa hiyo nikikuta mtu amepitisha silikoni au gundi ngumu kwenye dirisha la zamani, roho inaniuma kweli: kilichotakiwa kulegea kimekakamaa, na safari ijayo kitakachovunjika ni kioo chenyewe, ambacho duka lolote la Kariakoo huwezi kukipata.

Kazi yenyewe ni ya taratibu. Kwanza picha, mwanga ukipita nyuma na mwanga ukitoka mbele, maana kila mwanga unaonyesha ugonjwa wake. Kisha unatandika karatasi juu ya dirisha na kusugua kwa penseli nene hadi mistari yote ya risasi itokeze. Hiyo ndiyo ramani, na kila kipande kinapewa namba juu yake. Ndipo unaanza kufungua. Simenti ya zamani, ile iliyojaa ndani ya mifereji, unailowesha kabla ya kuikwangua ili vumbi lisiruke, kwani vumbi la risasi halionyeshi sumu yake siku unapolivuta. Chai hainywewi kwenye meza ile. Watoto hawakaribii, hata wakiomba vipi.

Sehemu inayonichukua muda mrefu kuliko zote ni kuangalia michoro kwa lenzi. Mistari ya nyuso, vidole na mikunjo ya kanzu ni rangi ya unga wa kioo na oksidi ya chuma, iliyochomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 600 na zaidi mpaka ikashikana na kioo. Ikiwa ilichomwa vizuri, itakuzika wewe na wajukuu wako. Ikiwa tanuri halikufika joto lake, rangi hubanduka ukipitisha kitambaa tu. Mikono ya yule malaika wa kushoto ilichomwa vizuri. Kwenye kanzu, upande wa goti, mstari mmoja ulikuwa umeanza kujikunja kama ganda la kitunguu, na chini ya lenzi niliona kioo kitupu chini yake. Hapo hugusi. Si sabuni, si maji. Unapuliza vumbi kwa pumzi ya mbali na kuandika kwenye daftari.

Kiraka nacho kina historia

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kile kioo cha bafu ni aibu, na lazima kitoke.

Halafu nikajiuliza kiliingiaje. Kwa vyovyote kuna mtu alipanda ngazi. Uso ulikuwa umevunjika, labda jiwe, labda mvua ya mawe, hakuna anayekumbuka. Mvua ilikuwa inaingia madhabahuni. Mtu akatafuta kioo alichoweza kukipata, akakikata kwa kufuata umbo la kichwa kwa uangalifu mkubwa (nimekipima, amekosea kwa unene wa kucha tu), akakunjua risasi, akakipachika, akakunja tena. Hakuweka simenti ya ujenzi. Hakupigilia bati. Aliyefanya hivyo alilipenda dirisha.

Nikakumbuka York.

Dirisha kubwa la mashariki la kanisa kuu la York, Uingereza, lilichorwa na John Thornton wa Coventry kati ya 1405 na 1408. Ukubwa wake unakaribia uwanja wa tenisi. Mkataba ulimpa miaka mitatu, na malipo yote yakafika pauni 56, kumi kati ya hizo zikiwa zawadi ya kumaliza kwa wakati. Akamaliza, akaandika mwaka huo kileleni kabisa. Kwa miaka mia sita iliyofuata, kila kizazi kilitia mkono wake. Kioo kikipasuka, fundi aliongeza ukanda wa risasi juu ya ufa. Kipande kikipotea, aliziba kwa kipande cha dirisha jingine. Mwishowe nyuso zilikatwakatwa na mistari myeusi ambayo Thornton hakuichora, na watu wakawa wanatazama rangi nzuri wasizoweza kuzisoma.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vioo viliondolewa na kufichwa, na kurudishwa kwake kukasimamiwa na mkuu wa kanisa lile, Eric Milner-White. Alikuwa mtu anayeyajua na kuyapenda madirisha. Alihamisha vipande, akajaza mapengo kwa makisio yake, akapanga upya alipoona pamekosewa. Baadaye watafiti wakagundua kwamba mahali kadhaa makisio yake yalimpeleka mbali na Thornton. Ukarabati wa mwisho, uliokamilika 2018 baada ya miaka kumi hivi, uliondoa mamia ya kanda za risasi zilizoongezwa, ukaunganisha nyufa kwa gundi maalumu isiyoonekana, na kutengua baadhi ya yale aliyoyafanya. Paneli zote 311 za dirisha lile, kila moja yenye vipande vingi vya kioo, zilipita juu ya meza za mafundi.

Simlaumu Milner-White hata kidogo. Alifanya kwa maarifa ya siku zake, kwa moyo safi. Kinachonifikirisha ni kwamba mafundi wa 2018 waliweza kumtengua. Angetumia gundi za leo zisizobanduka, makisio yake yangekuwa ndiyo ukweli wa milele.

Hivyo nikatoka na kanuni moja, na Corpus Vitrearum, jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vioo hivi iliyoanza 1952, inaisisitiza pia katika mwongozo wake: gusa kidogo iwezekanavyo, na ukigusa, acha njia ya kurudi.

Kanuni nzuri. Haikujibu swali la mzee.

Birmingham, 1963

Kuna dirisha jingine lililopoteza uso, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Asubuhi ya Jumapili, Septemba 15, 1963, wabaguzi wa Ku Klux Klan walilipua bomu katika kanisa la Wamarekani weusi, 16th Street Baptist, Birmingham, Alabama. Wasichana wanne waliuawa: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson na Denise McNair. Watatu walikuwa na miaka 14, Denise alikuwa na 11. Madirisha ya kanisa yalivunjika, isipokuwa moja lililobaki limesimama, lenye Kristo pamoja na watoto. Mlipuko ulikuwa umemng'oa uso. Mwili mzima upo, uso haupo.

Huko Wales, mchoraji wa vioo aitwaye John Petts alisikia habari hiyo na akaona afanye analoliweza. Gazeti la Western Mail likaanzisha mchango, na masharti yake nimeyarudia mara nyingi kichwani: hakuna aliyeruhusiwa kutoa zaidi ya nusu krauni, yaani shilingi mbili na nusu za wakati ule. Hawakutaka tajiri mmoja alipe lote. Walitaka liwe dirisha la watu wa Wales. Watoto walitoa fedha zao za peremende.

Petts alichora Kristo Mweusi, mikono imetanda, kichwa kimeinama. Mkono mmoja unausukuma uovu, mwingine unatoa msamaha. Chini kuna maneno ya Mathayo 25, kwamba mliyomtendea mdogo kabisa mlinitendea mimi. Liliwekwa 1965, na liko pale mpaka leo, juu ya mlango wa mbele, upande ambao waumini hulitazama wakigeuka kutoka.

Hapa ndipo nilipokwama vizuri. Kwa kanuni ya York, pengo linajazwa kwa kumsikiliza mchoraji wa kwanza. Kwa Birmingham, jibu la pengo lilikuwa uso ambao mchoraji wa kwanza asingeuwaza. Na siwezi kusema Petts alikosea. Nikilitazama dirisha lile kwenye picha, naona ni kazi ya haki kuliko nyingi za aina yake zilizofanywa karne iliyopita.

Kwa hiyo malaika wetu afanane na mwenzake, au na mzee aliyeniuliza?

Nyuso za vioo hazina rangi

Rudi mezani kidogo, kwa sababu huko ndiko nilikopata pa kushika.

Nilichukua uso wa malaika wa kulia, nikauweka juu ya karatasi nyeupe. Tumezoea kusema malaika hawa ni wazungu. Lakini kioo chenyewe ni cheupe kidogo chenye uvuguvugu wa kijani, kama chupa ya maji. Hakuna rangi ya ngozi pale. Kuna mistari ya kahawia: nyusi, pua, midomo, na kivuli chepesi kilichopakwa kisha kikafutwafutwa kwa brashi kavu ili mwanga upite mashavuni. Mafundi wengi wa Ulaya walichora nyuso hivyo kwa karne nyingi. Uzungu wake wote umo kwenye mistari, labda mistari kumi na mitano: pua nyembamba, midomo myembamba, nywele za mawimbi.

Nikachora mwenyewe kwenye karatasi, kichwa kile kile, mwinamo ule ule, mwanga kutoka upande ule ule. Nikabadilisha mistari ya pua na midomo na nywele tu. Akatokea kijana wa Kisambaa.

Unene wa mistari ni ule ule. Rangi ni ile ile. Kwa mbali, kutoka benchi la nyuma, malaika hao wawili wangekuwa mapacha wa kazi moja, kila mmoja na sura yake. Nilishangaa jinsi umbali ulivyo mdogo kati ya jibu la York na jibu la Birmingham, unapoupima kwa brashi.

Najua litakuja pingamizi, na ni pingamizi la maana: huo ni uongo wa kihistoria. Miaka mia ijayo mtafiti atasema Wajerumani wa Usambara walichora malaika Mwafrika, na atakuwa amedanganywa na mimi. Wengine watakumbusha Paris, ambako madirisha sita ya karne ya 19 ya kanisa kuu la Notre-Dame, yaliyopona moto wa Aprili 2019, yalipangiwa kuondolewa ili yawekwe mapya ya msanii wa leo, Claire Tabouret. Zaidi ya watu laki moja walitia saini kupinga. Mimi ningesaini pamoja nao. Madirisha yale ni mazima, hayana pengo. Kuyaondoa ili kuweka alama ya zama zetu ni ubinafsi. Huku kwetu hakuna anayeondolewa. Uso wa kwanza umekwenda na hakuna picha yake hata moja, nimeuliza mpaka kwa familia za wainjilisti wa zamani. Nikichora wa Kijerumani, nao pia ni wa kubuni, ila umevaa nguo za ukweli. Huo ndio uongo ninaouogopa zaidi.

Kioo nyuma ya kioo

Kuna ufundi mmoja wa zamani kidogo ambao haupewi heshima yake. Badala ya kung'oa kiraka na kupachika kipya, unachukua kioo chembamba, unakichora, unakichoma, kisha unakiegemeza nyuma ya kile kilichopo, vyote viwili ndani ya risasi moja yenye mfereji mpana. Ukisimama ndani unaona mchoro. Ukifungua risasi, kioo cha nyuma kinatoka na dirisha linabaki kama lilivyokuwa kabla yako.

Shida ni kile kioo cha bafu. Maua yake yanavunja mwanga, uso ukikaa nyuma yake utaonekana kama mtu aliye ndani ya maji. Kwa hiyo napendekeza kitoke, lakini kisitupwe. Mahali pake kiingie kioo kitupu, cheupe cha uvuguvugu wa kijani. Mwenzangu mmoja ana mabaki ya kioo cha kupuliza kinachokaribiana nacho. Nyuma yake ukae uso uliochorwa. Kiraka cha bafu kiwekwe kwenye sanduku ofisini pamoja na ramani ya dirisha, picha na maelezo ya kila nilichofanya, ili wajukuu wa kanisa wakiamua nilikosea, wasitafute.

Pembeni ya uso mpya, mahali ambapo risasi itafunika, nitakwaruza mwaka na neno “mpya” kwa ncha ya almasi. Mtafiti wa miaka mia ijayo asipofungua risasi asinilaumu, ila akifungua atajua.

Nimeiandikia kamati hivyo.

Kuna mjumbe mmoja, mtu mwema na mchapakazi, anayetaka dirisha lote liondolewe kuwe na aluminiamu ya kusukuma na stika za rangi. Hoja yake si ya kupuuza: kanisa lina joto mchana, stika ni nafuu, na bei yangu ingetosha kuezeka darasa la Shule ya Jumapili. Sina jibu la fedha la kumshinda. Nilichomwambia ni kwamba stika itapauka kwa jua la miaka michache, wakati risasi mpya, ikifungwa vizuri kwenye nondo zisizoshika kutu, itakaa umri wa mtu na zaidi. Na kwamba nitapunguza bei kama vijana wawili wa usharika watakuja kujifunza kufunga waya za shaba, kupaka simenti ya chaki na mafuta ya kitani, na kukagua dirisha kila baada ya masika. Mama mmoja wa kwaya amenipigia simu tayari kuuliza kama wasichana wanaruhusiwa. Nikamwambia mikono midogo ndiyo ninayoitafuta.

Juu ya uso, Baba Mchungaji anataka michoro miwili ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, wa Kijerumani na wa Kisambaa, watu waitazame kwa Jumapili kadhaa kabla ya kamati kukaa. Nimekubali. Wakinitaka rai yangu nitaitoa wazi: nachagua wa Kisambaa, na ningependa mchango wake uwe na kikomo kidogo, elfu mbili kwa mtu, asitokee wa kulipa peke yake. Wakichagua wa Kijerumani, nitauchora kwa bidii ile ile, na nitakwaruza “mpya” pembeni vilevile.